Barua ya mama iliyozuia risasi

Novemba 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto nchini Marekani, kamanda mmoja aitwaye Stand Watie alimwandikia barua mkewe, Sarah. Alikuwa ametoka kuvamia mji wa Tahlequah na kitongoji cha Park Hill. Alimweleza kuwa ameteketeza jengo la baraza pamoja na nyumba ya John Ross, kiongozi mkuu wa Wacherokee. Alitaja pia waliouawa.

Katika barua hiyohiyo kuna jambo ambalo si rahisi kulikuta kwenye taarifa ya vita. Watie anasema amekamata watu 2 wa upande wa adui, lakini amezuia wasiuawe. Sababu? Kwa kuwa yeye Sarah alishasema William Ross asiuawe, kwa ajili ya mama yake mzee.

William Ross hakuwa ndugu yao. Alikuwa mpwa wa John Ross, hasimu mkubwa wa familia ya Watie. Miaka 24 kabla ya hapo, watu wa upande wa Ross walimuua Elias Boudinot, ndugu wa damu wa Stand. Sarah aliyajua yote hayo. Hata hivyo, katika barua zake za mwaka huo alimsihi mumewe kwamba akimkamata William amweke tu hadi vita iishe, maana anajua mama yake atakavyoumia.

Mama mmoja anamwonea huruma mama wa adui yake, anaandika, na askari anatii. Stand, Sarah, Elias na William wote walikuwa Wacherokee, moja ya jamii za wenyeji wa asili wa Marekani. Ukifuatilia barua za jamii hii kwa miaka takriban 100, unakutana na wazazi wa namna hiyo mara nyingi. Wengine waliziandikia serikali, wengine waliwaandikia wake, waume na wazazi wao. Karibu kila mara mtoto wa mtu yumo ndani ya barua.

Wanawake wanaiandikia serikali

Wacherokee waliishi kusini-mashariki mwa Marekani, katika maeneo ambayo leo ni majimbo ya Georgia, Tennessee, North Carolina na Alabama. Walikuwa na koo 7, na mtoto alihesabiwa katika ukoo wa mama yake. Mama hakuwa mtu wa pembeni katika mambo ya jamii.

Ndiyo maana Septemba 1787 mwanamke mmoja wa Kicherokee aliona ni halali kabisa kumpelekea ujumbe Benjamin Franklin, aliyekuwa akiongoza jimbo la Pennsylvania. Alitaka amani. Hoja yake ilikuwa ya mzazi: watoto hawaokotwi kwenye magogo wala visiki, wanatoka kwenye miili ya wanawake, kwa hiyo wanaume wana wajibu wa kumsikiliza mwanamke kama wanavyomsikiliza mama. Pamoja na ujumbe huo alipeleka tumbaku, ili viongozi wavute kwa pamoja kama ishara ya urafiki.

Miaka 30 baadaye, Mei 2, 1817, wanawake wengine walitumia hoja ileile, safari hii kwa viongozi wao wenyewe. Serikali ya Marekani ilikuwa ikiwabana Wacherokee wauze ardhi zaidi. Nanyehi, anayejulikana pia kwa jina la Nancy Ward, alikuwa na cheo cha heshima cha Mwanamke Mpendwa, kilichompa sauti barazani. Wakati huo alikuwa ameshazeeka. Yeye na wenzake walipeleka waraka kwa machifu na wapiganaji, wakiwaita watoto wao. Waliwaomba wasiuze hata kipande kingine cha ardhi, walime mahindi na pamba, na wakumbuke watoto wanaokua.

Wazee wetu wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Viongozi wa Kicherokee walisikia kwa kiasi. Waliotoka nje kuitaka ardhi hawakusikia kabisa.

Binti wa miaka 6 asoma mbele ya wazee

Barua hizo za mwanzo ziliandikwa kwa Kiingereza, mara nyingi kwa mkono wa mtu mwingine. Lugha ya Kicherokee haikuwa na maandishi.

Aliyebadilisha hali hiyo ni fundi wa vito vya fedha aitwaye Sequoyah. Hakujua kusoma Kiingereza. Aliwaona Wazungu wakitazama karatasi na kuelewa jambo lililosemwa na mtu aliye mbali, akaamua kwamba hata lugha yake inaweza kufanyiwa hivyo. Alihangaika na kazi hiyo kwa takriban miaka 12. Majirani walimwona amechanganyikiwa, wengine walidhani ni uchawi.

Mwanzoni alijaribu kuweka alama moja kwa kila neno, akashindwa kwa wingi wa maneno. Kisha akagundua kuwa maneno yote yanajengwa kwa silabi zilezile chache. Mzazi aliyewahi kukaa na mtoto wa darasa la kwanza anayesoma "ba, be, bi, bo, bu" ataelewa haraka: kila alama ya Sequoyah inasimamia silabi nzima. Alianza na alama 86, na leo zinatumika 85.

Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa binti yake, Ayoka, aliyekuwa na umri wa takriban miaka 6. Mwaka 1821 Sequoyah alionyesha kazi yake kwa wazee. Inasimuliwa kuwa baba na mtoto walitenganishwa, baba akaambiwa aandike maneno fulani, karatasi ikapelekwa kwa mtoto, naye akasoma kilekile kilichosemwa.

Hata baada ya hapo wapo waliotilia shaka. Sequoyah akasafiri hadi Arkansas, ambako sehemu ya Wacherokee ilikuwa imeshahamia. Aliporudi mashariki alikuja na bahasha iliyofungwa, ndani yake mna hotuba ya kiongozi mmoja wa huko Arkansas. Akaifungua na kuisoma. Kwa mara ya kwanza watu waliotenganishwa na safari ya wiki nyingi walisikiana kwa lugha yao wenyewe.

Kujifunza alama hizo hakukuchukua muda mrefu kwa mtu anayezungumza Kicherokee, na hakukuhitaji shule. Watu walifundishana majumbani. Mwaka 1825 taifa la Cherokee liliukubali rasmi mfumo huo. Februari 21, 1828, katika mji wao mkuu wa New Echota, Georgia, likatoka toleo la kwanza la gazeti la Cherokee Phoenix, lenye habari kwa Kicherokee na Kiingereza. Mhariri wake alikuwa Elias Boudinot.

Ndoa iliyopita kwenye barua

Boudinot alisoma katika shule ya wamisionari mjini Cornwall, jimbo la Connecticut. Huko alifahamiana na binti wa Kizungu, Harriet Gold, na wakaendelea kuandikiana baada ya yeye kurudi nyumbani. Walipotaka kuoana, familia ya Gold ilipasuka.

Wazazi wa Harriet walikataa. Binti akaugua sana, kiasi cha wazazi kuogopa kumpoteza, wakakubali. Lakini mwaka 1825, habari zilipojulikana mjini, watu walikusanyika na kuchoma sanamu zilizowakilisha wachumba hao. Aliyewasha moto alikuwa kaka yake Harriet, Stephen. Harriet alikuwa amejificha katika nyumba ya jirani, akiona yote dirishani. Tunayajua haya kwa sababu wanafamilia waliyaandika kwenye barua walizopelekeana, na barua hizo zikatunzwa.

Walioana Machi 1826. Kwa kuwa Harriet hakuwa Mcherokee, watoto wake wasingekuwa na ukoo kwa mila ya zamani. Baraza la Cherokee lilikuwa limeshalifikiria hilo: mwaka 1825 lilipitisha sheria ya kuwapa uraia watoto wa baba Mcherokee na mama Mzungu.

Mwaka 1829 wazazi wa Harriet walisafiri kutoka kaskazini hadi New Echota kumwona binti yao. Desemba mwaka huo baba yake, Benjamin Gold, alimwandikia ndugu yake barua akieleza alichokikuta. Alisifu nyumba ya binti yake, maduka na mpangilio wa mji. Mzee aliyewahi kuipinga ndoa ile sasa alikuwa akiitetea mbele ya ukoo wake.

Harriet alifariki Agosti 1836 akiwa ameacha watoto 6. Boudinot aliwaandikia wakwe zake kuwaeleza ugonjwa wa binti yao hadi saa zake za mwisho.

Majina 15,000 yasiyosikilizwa

Wakati Harriet anafariki, taifa lilikuwa kwenye msukosuko mkubwa. Mwaka 1830 Marekani ilipitisha sheria ya kuwahamishia wenyeji upande wa magharibi wa mto Mississippi. Mwaka 1832 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kuwa jimbo la Georgia halina mamlaka juu ya ardhi ya Cherokee, lakini uamuzi huo haukuwaondolea shinikizo.

Desemba 29, 1835 kikundi kidogo cha Wacherokee kilisaini mkataba wa kuachia ardhi yote ya mashariki. Boudinot alikuwa miongoni mwao. Aliamini ardhi itachukuliwa vyovyote vile, hivyo heri kuokoa watu. John Ross na idadi kubwa ya wananchi waliupinga, wakisema waliosaini hawakutumwa na mtu. Septemba 1836 Ross aliliandikia Bunge la Marekani akieleza kwamba watu wake wamevuliwa uhuru wao wote kwa mkataba ambao hawakuuridhia. Lakini Seneti ilikuwa imeshauidhinisha Mei mwaka huo, kwa kura 1 tu zaidi ya idadi iliyotakiwa.

Mwaka 1838 Wacherokee walipeleka Washington ombi jingine, lenye majina zaidi ya 15,000. Jamii nzima haikuzidi sana idadi hiyo.

Jibu lilikuja kwa bunduki. Mei 1838 wanajeshi walianza kuwatoa watu majumbani. Mmisionari Evan Jones aliandika kutoka kambini kwamba familia zilikokotwa kutoka kwenye nyumba zao bila kupewa nafasi ya kuchukua kitu, isipokuwa nguo walizovaa.

Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa cha ukame. Maelfu ya watu walirundikwa kambini wakisubiri kusafirishwa. Tunajua leo kinachotokea watu wakisongamana bila maji safi, na barua za wakati ule zinalithibitisha: kuhara damu, surua na kifaduro viliwapitia, na walioangamia zaidi ni watoto wadogo na wazee. Daktari mmisionari, Elizur Butler, alisafiri pamoja nao. Katika barua zake alikadiria kuwa waliokufa kambini na njiani walizidi 4,000, kati ya watu takriban 16,000 waliohamishwa. Safari ilikuwa ya zaidi ya kilomita 1,000, na sehemu kubwa ya watu waliifanya wakati wa baridi kali. Mke wa John Ross, Quatie, alifia njiani karibu na Little Rock, Februari 1839. Leo inaitwa Njia ya Machozi.

Makadirio hayo ya vifo ndiyo yanayotumiwa zaidi hadi sasa, na yametoka kwenye barua za daktari mmoja. Watoto wengi waliozikwa kando ya njia hawana kumbukumbu nyingine.

Kisasi, na mama aliyekikataa

Juni 22, 1839 hasira ikageukia ndani. Watu walimjia Boudinot huko Park Hill wakisema wanahitaji dawa, naye akaongozana nao kwenda kuwachukulia. Wakamuua njiani. Siku hiyohiyo wengine 2 waliosaini mkataba waliuawa. Stand Watie alinusurika. Watoto wa Boudinot walipelekwa New England kwa jamaa za mama yao.

Mzozo huo ulidumu, na vita vya mwaka 1861 vikauamsha upya. Watie alipigana upande wa majimbo ya kusini yaliyotetea utumwa. Sarah alikimbilia Texas na watoto. Mwaka 1863 walimpoteza mtoto wao Cumiskey. Mtoto mwingine, Saladin, alikuwa jeshini na baba yake, na Sarah alisikia habari za mauaji zilizomnyima usingizi. Akamwandikia mumewe awaambie vijana waonyeshe huruma, kama wao wenyewe wanavyotarajia huruma ya Mungu.

Hapo ndipo ombi lake kuhusu William Ross linapoeleweka. Mwanamke aliyekuwa amefiwa na mtoto aliujua uchungu ambao mama mwingine angeupata. Hakusema adui hana kosa. Alisema tu asiuawe.

William Ross aliishi. Baada ya vita alichaguliwa kuwa chifu mkuu wa taifa zima la Cherokee. Familia ya Watie haikuwa na bahati hiyo: Stand alipofariki mwaka 1871, watoto wao wote wa kiume walikuwa wameshatangulia. Barua zao zilichapishwa mwaka 1939 katika kitabu, na ndiyo maana tunaweza kuisikia sauti ya Sarah.

Barua ambazo hazipo

Kuna familia ambazo hazimo kwenye mafurushi haya. Wacherokee matajiri walimiliki watumwa wenye asili ya Afrika, na familia ya Watie ni mojawapo. Watu hao nao waliipita Njia ya Machozi, wakipika, wakibeba mizigo na kuuguza wagonjwa. Wengi hawakupewa nafasi ya kujifunza kuandika.

Mkataba wa mwaka 1866 uliwapa uraia wa Cherokee wao na vizazi vyao. Baadaye, serikali ya Marekani ilipoandikisha raia wa taifa hilo ili kugawa ardhi, waliwekwa kwenye orodha ya peke yao. Kwa miaka mingi vizazi vyao vilibishiwa uraia. Mwaka 2017 mahakama ya Marekani iliamua kuwa haki yao ipo. Ushahidi wa kila familia ulikuwa jina la babu au bibi kwenye orodha ile ya zamani.

Karatasi ya serikali iliwasaidia pia Wacherokee wengine. Mwaka 1905 mahakama iliamua walipwe fidia kwa madai yaliyotokana na mikataba ile. Zaidi ya maombi 45,000 yaliletwa. Kila mwombaji alitakiwa kutaja wazazi, babu na bibi, ndugu na watoto. Ni watu takriban 30,000 tu waliokubaliwa, lakini fomu zote zilibaki. Leo watu huzifungua kutafuta asili yao, na wengi hukuta humo jina la bibi ambaye hakuna aliyemkumbuka.

Sanduku la binti wa Inoli

Mwishoni mwa miaka ya 1880 mtafiti James Mooney alifika kwenye milima ya North Carolina, walikobaki Wacherokee waliokwepa kuhamishwa. Alisikia habari za marehemu Inoli, mzee aliyekuwa mganga, mhubiri, diwani na askari, asiyejua Kiingereza. Binti yake alikuwa amezitunza karatasi za baba. Alikubali zionekane, kwa sharti kwamba jambo hilo libaki siri.

Ndani mlikuwa na maelezo ya tiba, kumbukumbu za baraza, masomo ya kanisani, na barua ambazo askari walizituma kutoka vitani, zote kwa alama za Sequoyah. Karatasi hizo zilipelekwa taasisi ya Smithsonian. Miaka ya 1960, Jack na Anna Kilpatrick, mume na mke wa Kicherokee, walitafsiri sehemu ya barua hizo na kuzichapisha.

Binti huyo hakuwa mwandishi. Alichofanya ni kutozitupa.

Kwa mzazi wa leo

Ujumbe wa simu unatosha kwa mambo mengi, lakini simu ikiibiwa au ikifa, mazungumzo mara nyingi huondoka nayo. Mambo machache yanastahili daftari.

Andika majina kamili ya babu na bibi wa pande zote mbili, na mahali walikozaliwa. Andika maradhi ya ukoo: daktari anapouliza kama kuna mwenye kisukari, shinikizo la damu au selimundu katika familia, mzazi mmoja asipokuwepo jibu liwepo. Kadi ya kliniki usiitupe mtoto akianza shule. Kama kuna mtoto mliyempoteza, jina lake na tarehe yake viandikwe pia.

Na ukiwa na la kumwambia mwanao aliye mbali, mweleze kwa maandishi, hasa lile gumu kulisema. Sarah hakuwepo Tahlequah siku ile. Alichokiandika ndicho kilichokuwepo.